Kabla Hujanunua Feni, Litazame Bati

Anayeishi chini ya bati lisilo na dari, Tanga au Mtwara, Mombasa au Malindi, hahitaji kuelezwa Februari ni mwezi wa namna gani. Saa saba mchana chumba hakikaliki. Watoto wanatolewa nje chini ya mwembe, mgonjwa anahamishiwa barazani, chakula kinaliwa mlangoni. Jambo la kwanza linalomjia mwenye nyumba ni feni. Feni ikishindwa anawaza kiyoyozi, pamoja na bili ya umeme inayoambatana nacho. Ushauri wangu kwako, ndugu msomaji, ni kwamba fedha ya kwanza usiipeleke huko. Ipeleke kwenye nyuso mbili za bati lenyewe: ule wa juu unaotazama jua, na ule wa chini unaokutazama wewe. Joto linaloitesa nyumba linaingilia hapo, na sehemu kubwa yake inazuilika kwa ndoo ya rangi na karatasi ya foili.

Tuanze na namna joto linavyosafiri, maana ukikosea hapo utakosea na dawa yake. Joto lina njia tatu. Kwa mpitisho linapenya ndani ya kitu, kutoka upande wenye moto hadi upande wenye baridi. Kwa myuko linabebwa na hewa au maji yanayosogea. Kwa mnururisho halihitaji kitu cha kulibeba: linatoka uso mmoja na kutua kwenye uso mwingine kwa mwendo wa mwanga, na hewa iliyo katikati inaguswa kidogo tu. Ukikaa mbele ya moto wa kuni usiku, uso unaungua na mgongo unasikia baridi, ingawa hewa inayokuzunguka ni ile ile. Bati la mchana linakufanyia hivyo hivyo, ila kutoka juu. Hewa ya moto iliyo chini ya paa ni nyepesi, inapanda na kubaki huko huko kileleni. Kinachokushukia kichwani ni mnururisho. Ndiyo maana unaweza kufungua madirisha yote, upepo ukapita vizuri, na bado utosi ukaona moto.

Chanzo chake ni jua, na jua letu ni kali kwa sababu linapita juu kabisa. Nje ya angahewa kila mita ya mraba inayolitazama jua inapokea wati zipatazo 1,361. Baada ya kupunguzwa na hewa na mvuke, mchana mweupe usio na mawingu zinatufikia kama wati 1,000. Dar es Salaam jua linasimama wima utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na ile ya Machi inaangukia kwenye kipindi ambacho hewa yenyewe tayari ni ya moto. Katika nchi za kaskazini ya mbali jua linakuja kwa mshazari na kuta zinapokea sehemu kubwa. Kwetu mpokeaji mkuu ni paa. Ukuta wa magharibi nao unateseka jioni, na mti mmoja mzuri upande huo unasaidia sana, lakini usianzie huko.

Kuna jambo moja watu wanalipia bila kupata wanachokitarajia, nalo ni unene wa bati. Nimesikia mara nyingi mwenye nyumba akishauriwa anunue geji 28 badala ya geji 32 ili nyumba iwe na ubaridi. Bati nene ni zuri kwa sababu nyingine: halipindi ovyo fundi anapolikanyaga, na linastahimili upepo. Kwa joto halina msaada wowote. Chuma kinapitisha joto haraka mno, na tofauti ya unene kati ya geji hizo mbili haifiki nusu milimita. Bati lolote likipigwa na jua, uso wa juu na uso wa chini vinakuwa na joto lile lile. Kinachoamua hali ya nyumba ni ngozi ya bati, yaani kile kilichopakwa juu yake na kile kilicho chini yake.

Mwaka 1804 mwanasayansi wa Scotland, John Leslie, alilionyesha jambo hili kwa namna ambayo hata leo mwalimu anaweza kuirudia darasani. Alitengeneza chombo cha chuma chenye umbo la mchemraba, pande zake akazifanya tofauti, upande mmoja umepakwa masizi na mwingine umeng'arishwa. Akakijaza maji ya moto. Maji yalikuwa yale yale, lakini upande wa masizi ulitoa mnururisho mwingi kuliko ule uliong'aa. Uso peke yake ndio uliobadilika. Mwaka 1879 Josef Stefan, aliyefanya kazi Vienna, akapata kanuni ya kiasi chake: mnururisho unaongezeka kwa kipeo cha nne cha jotoridi, likihesabiwa kuanzia sifuri halisi. Kwa lugha ya mwenye nyumba, bati likipanda nyuzi chache tu, unachopokea wewe uliye chini yake kinapanda kwa kasi kubwa zaidi.

Basi kila uso una tabia mbili zinazotuhusu, na ni vema kuzitenganisha. Ya kwanza ni kiasi cha jua unachonyonya. Ya pili ni wepesi wake wa kuliachia joto ulilonalo kwa mnururisho. Rangi nyeupe nzuri inanyonya kama robo tu ya jua, na joto inalobaki nalo inaliachia kwa urahisi, kiasi cha asilimia 90 ya kile ambacho uso wowote ungeweza kutoa. Rangi ya kijani kilichokolea, kahawia au nyeusi inaachia kwa urahisi ule ule, lakini inanyonya jua kwa zaidi ya asilimia 80. Bati jipya lisilo na rangi lina tabia tofauti kabisa. Linang'aa hadi macho yanauma, kwa hiyo watu wanadhani linarudisha jua lote. Kweli linarudisha zaidi ya nusu, lakini lile linalobaki halitoki, kwa sababu chuma kinachong'aa ni kizito kutoa mnururisho. Joto linakusanyika. Baada ya miaka michache zinki inafifia, vumbi na kutu vinaingia, na bati lile lile linaanza kunyonya jua karibu kama lililopakwa rangi nzito.

Nikipiga hesabu ya mchana wa jua kali, hewa ikiwa nyuzi 32 na upepo mwanana, napata picha hii. Bati la rangi nzito au lililozeeka kwa kutu linafika nyuzi 60 hadi 65. Bati jipya lisilopakwa linapita nyuzi 50. Lililopakwa rangi ya silva, ambayo mafundi wengi wanaipendekeza wakiamini ndiyo inayopunguza joto, linacheza hapo hapo kwenye 50 na kitu. Jeupe linabaki kwenye 40 na ushei. Sasa teremka ndani. Chini ya bati la nyuzi 65 lenye uso wa chini uliopakwa rangi au uliojaa masizi ya jiko, watu na vitu vyenye nyuzi 33 vinapokea karibu wati 200 za ziada kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita tatu kwa tatu kinapata kama kilowati 1.8, yaani ni kama umetundika jiko la umeme juu ya kichwa na kuliacha linawaka mchana kutwa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa kama kilowati 3.5, kwa hiyo nusu ya kazi yake ingekuwa kupambana na paa tu. Paka nyeupe, na wati zile 200 zinashuka hadi zipatazo 45.

Naisisitiza nyeupe kwa sababu naona tunakoelekea. Mabati ya rangi ya migongo mipana, haya ambayo Tanzania wanayaita ya msauzi, yameenea, na rangi zinazopendwa ni zile zilizokolea: kahawia ya chokoleti, damu ya mzee, kijani cha msitu, kijivu cha mkaa. Yanapendeza barabarani, sikatai. Lakini mtu anajenga Kigamboni au Likoni, anachagua kijivu cha mkaa, kisha anatumia miaka ishirini akilipia umeme wa kuondoa joto alilolichagua mwenyewe dukani. Kama bado hujanunua, uamuzi huu hauna gharama ya ziada: bati jeupe au la krimu linauzwa kama mengine. Kama huwezi kabisa kuishi na paa jeupe, chukua rangi nyepesi, na umuulize muuzaji kama rangi hiyo imetengenezwa kurudisha na ile sehemu ya jua isiyoonekana kwa macho. Karibu nusu ya nishati ya jua iko huko, na zipo rangi ambazo jicho linaziona nyekundu au kijani huku zikiirudisha kwa wingi kuliko rangi za kawaida.

Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, kupaka ni kazi ya siku mbili tatu, lakini ni kazi inayoharibiwa kirahisi. Kosa la kawaida ni rangi ya mafuta kupakwa moja kwa moja juu ya bati la zinki. Zinki na mafuta ya rangi hiyo vinafanya kemia ya kutengeneza sabuni pale vinapokutana, na baada ya muda rangi inabanduka kama ganda. Tumia rangi ya maji ya akriliki iliyoandikwa kuwa ni ya paa au ya nje, juu ya praima ya mabati ya zinki. Kabla ya hapo paa lioshwe kwa sabuni na brashi, lisuuzwe likauke. Bati jipya lina mafuta ya kiwandani ambayo hayaonekani, na ukiyaacha hapo praima haitashika. Palipo na kutu pasuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza. Misumari iliyolegea ikazwe, iliyopoteza vifuniko vya mpira ibadilishwe, kwa sababu hutapenda kupanda tena wiki ijayo kuziba tundu juu ya rangi mpya.

Anza kazi umande ukishakauka, saa mbili asubuhi hivi, na usimame kabla ya saa nne. Rangi ikigusa bati lenye moto inakauka juu kabla haijashika chini, na brashi inaacha mistari. Lita moja hutosha kama mita za mraba nane hadi kumi kwa mkono mmoja, na bati la migongo lina eneo kubwa kuliko linavyoonekana kwa sababu ya mawimbi yake. Ongeza kama asilimia 15. Paa la mita za mraba 80 kwa mikono miwili linakula karibu ndoo moja ya lita 20. Nyeupe ya bei ya chini mno mara nyingi imejazwa chokaa ya unga badala ya rangi yenyewe, na utaijua kwa sababu mkono wa pili bado unaonyesha bati. Anayepanda akanyage kwenye mstari wa misumari, palipo na mbao chini, na afungwe kamba. Sijui rangi yoyote yenye thamani ya mgongo uliovunjika.

Kama mnakinga maji ya mvua kutoka paani, na familia nyingi zinakinga, hakikisha rangi haina risasi na kwamba mtengenezaji ameieleza kuwa inafaa kwa paa la kukingia maji. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kupaka yamwagwe yote. Na kama paa lenyewe ni la asbesto, kama yale ya majengo ya zamani ya serikali na ya reli, usilisugue, usilitoboe, usilikate. Nyuzi zake zikiingia mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye. Hilo liachie wataalamu wa kuliondoa.

Wako wanaouliza kuhusu chokaa, kwa kuwa ni rahisi na Pwani tumeizoea tangu enzi za majumba ya mawe. Kwenye paa la zege chokaa inafanya kazi nzuri. Mji wa Ahmedabad nchini India, baada ya wimbi la joto la Mei 2010 lililoua watu zaidi ya 1,300 juu ya idadi ya kawaida, uliandaa mpango wa kukabiliana na joto mwaka 2013, na baadaye kupaka mapaa ya makazi duni kwa chokaa nyeupe kukawa sehemu ya juhudi hizo. Kwenye bati chokaa haina pa kushika. Mvua ya masika inaiosha, inaishia kwenye tangi lako, na mwaka ujao unaanza upya. Kama huna uwezo mwingine ni afadhali kuliko kukaa bure, ilimradi umekata bomba la kukingia maji.

Sasa tugeukie uso wa chini, ambao karibu hakuna anayeufikiria. Bati ambalo halijapakwa chini lina bahati: kwa kuwa linang'aa, linatoa kama robo tu ya mnururisho ambao lingetoa likiwa na rangi. Basi usilipake rangi kwa ndani kwa ajili ya urembo, na usiruhusu moshi wa kuni ulijaze masizi, kwa sababu masizi yanaligeuza kuwa ule upande mweusi wa chombo cha Leslie. Mabati ya rangi ya kiwandani huwa yana rangi ya kinga upande wa chini pia, kwa hiyo hayo yanatoa mnururisho kwa nguvu, na ndiyo yanayohitaji foili zaidi.

Foili ya alumini inayong'aa hutoa mnururisho kidogo mno, kama asilimia tano. Ikikaa kati yako na bati la moto, zile wati 200 zinaweza kushuka hadi zipatazo 12. Hakuna kitu kingine cha wembamba ule kinachoweza kufanya kazi hiyo. Lakini foili ina masharti mawili, na fundi akiyavunja umetupa fedha. Kwanza lazima kuwe na nafasi ya hewa, sentimita mbili na nusu au zaidi, upande unaong'aa. Upande huo ukibandikwa ukagusana na bati, joto linapita kwa mpitisho moja kwa moja na ule mng'ao hauna kazi tena. Pili, uso unaong'aa utazame chini. Ukitazama juu unakusanya vumbi, na vumbi linafanya foili iwe kama karatasi ya kawaida. Ukiinunua yenye mng'ao pande zote mbili, vizuri zaidi. Ule wa chini utaendelea kufanya kazi hata wa juu ukichafuka. Ipigiliwe chini ya mbao za kenchi, iache nafasi kati yake na bati, na kileleni liachwe tundu la hewa ya moto kutokea.

Na umeme uzimwe kwenye mita kabla mtu hajapanda. Foili ni chuma. Kati ya 2009 na 2010 serikali ya Australia iligharimia uwekaji wa vizuizi vya joto kwenye nyumba za watu, na vijana wanne walikufa kazini: watatu kwa umeme, na mmoja kwa joto lenyewe ndani ya paa. Miongoni mwao walikuwemo waliokuwa wakifunga foili kwa pini za chuma. Serikali ilipiga marufuku pini hizo, kisha ikasimamisha foili katika mpango ule. Kwetu nyaya nyingi zimelazwa juu ya dari bila bomba, na viungo vimefungwa kwa tepu tu. Mwite fundi umeme aziweke sawa kwanza. Kazi yenyewe ifanywe asubuhi, maana ndani ya paa saa nane mchana panaweza kumwangusha mtu mwenye afya.

Dari ya jipsamu inasaidia kwa sababu inaficha bati usilione, na mnururisho unagonga hapo badala ya kukugonga wewe. Hata hivyo yenyewe ni kizuizi dhaifu: baada ya saa chache inapata moto na kuanza kukutazama kama bati dogo. Ukiweka juu yake fibaglasi ya milimita 50, kizuizi kinakuwa kama mara 25 ya jipsamu ya milimita tisa peke yake. Fibaglasi ina gharama na inawasha ngozi, mafundi wavae glovu na barakoa. Kwa chumba ambacho tayari kina dari, kama fedha ni kwa kitu kimoja tu, mimi ningepaka bati jeupe kwanza, kisha foili, halafu fibaglasi nikijaliwa.

Mpangaji ambaye hawezi kugusa paa la mwenye nyumba naye ana la kufanya. Kitu chochote kilichotandazwa kati yake na bati, jamvi, mkeka, turubai jepesi, hupunguza mnururisho kwa karibu nusu, kwa sababu chenyewe kinapokea joto na kulirudisha pande mbili. Zamani dari za mikeka zilikuwa jambo la kawaida, na zilikuwa na maana yake. Kiweke mbali na taa ya koroboi, jiko na nyaya.

Baada ya kumaliza na nyuso ndipo hewa inapokuwa na faida kamili. Nyumba ya makuti ina mwanya kati ya ukuta na paa, na hewa inazunguka usiku na mchana. Tulipohamia kwenye bati tuliziba mwanya ule kwa hofu ya wezi na popo, na hewa ya moto ikakosa njia. Acha matundu ya wavu chini ya upenu na mengine karibu na kofia ya paa, hewa itaingia chini na kutokea juu bila umeme. Madirisha yakae kwenye njia ya kaskazi na kusi, moja likitazama lingine. Feni sasa ina kazi ya kufanya, kwani inapeperusha jasho, na hewa inayovuma haipingani tena na jiko lililo juu yake.

Kwa wafugaji jambo hili ni la fedha moja kwa moja. Kuku hana tezi za jasho, anajipoza zaidi kwa kuhema, na wa nyama waliokaribia kuuzwa ndio wanaokufa wa kwanza mchana wa joto. Banda lenye bati la chini kabisa, refu kidogo kuliko kimo cha mtu, ni hatari kwao hata likiwa wazi pande zote. Lipake nyeupe kabla ya Desemba. Mwenye duka la dawa naye asome maandishi ya kwenye boksi: dawa nyingi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi 30, na rafu ya juu chini ya bati inapita hapo kwa saa nyingi. Vibanda vya wakala wa simu vilivyotengenezwa kwa kontena vina shida kubwa zaidi, maana kuta zake nazo ni bati.

Haya yote ni kwa maeneo ya joto. Njombe, Makete, Limuru au Kabale huna haja ya kupaka nyeupe. Huko shida ni usiku. Anga safi ni baridi, na paa linaipa joto lake kwa mnururisho hadi linakuwa baridi kuliko hewa. Mvuke wa pumzi za waliolala unagandamana chini ya bati, na asubuhi watu wanaamka wanatoneshewa, wakimlaumu fundi kwa paa linalovuja ilhali mvua haikunyesha. Dawa yake ni dari yenye fibaglasi na tundu la kutolea mvuke. Rangi ya paa iwe yoyote.

Ukitaka kuhakikisha kazi imefanya kazi, vipimajoto vya kulenga bila kugusa vinapatikana, lakini kwenye bati linalong'aa vinadanganya. Vimewekwa kwa nyuso zinazotoa mnururisho kwa wingi, kwa hiyo bati tupu la nyuzi 55 vinaweza kukuambia ni 35. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme upande wa ndani wa bati, subiri dakika tano, lenga tepu. Pima saa saba mchana kabla ya kupaka na baada ya kupaka, siku zenye jua linalofanana.

Nyeupe ikichafuka inapoteza sehemu ya kazi yake, hasa karibu na barabara ya vumbi au chini ya miti. Osha paa mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi kabla ya masika, bomba la tangi likiwa limechomolewa, na uliache likiwa limechomolewa hivyo mpaka mvua ya kwanza nzuri ipite.